Sakafu Yangu ya Tengeru

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Nyapara wetu wa waashi ameacha kazi. Amerudi kwao Same kulima tangawizi. Kila mtu amesikitika. Mimi pia, kwa muda wa dakika tano hivi.

Saa nne Bwana Mkaguzi akafika na gari lake. Ghala tunalolijenga hapa Tengeru lina vyumba viwili vinavyolingana kwa kila kitu. Kuta zimesimama, sakafu bado. Akaamua hivi: mimi nimwage sakafu ya chumba cha kushoto, Elifuraha amwage ya kulia. Simiti ile ile, mchanga ule ule, kokoto zile zile. Atarudi Jumatatu ya tarehe 17. Mwenye sakafu bora ndiye nyapara mpya.

Elifuraha ni Mchaga wa Machame. Mwashi hodari, siwezi kumkatalia. Ila hana maneno. Unaweza kula naye chakula cha mchana mwezi mzima usijue kama ana ndugu.

Katika maelezo yake Bwana alirudiarudia neno moja la Kiingereza: cure. Hutamkwa kyua. Sakafu ya zege ikishamwagwa ni lazima ifanyiwe hilo kwa siku saba. Elifuraha akauliza imwagiliwe maji mara ngapi kwa siku. Akajibiwa tatu. Basi, yakaishia hapo.

Mimi nikauliza neno lenyewe asili yake ni nini. Bwana akavua kofia. Akanipa sigara. Akasema babu yake alikuwa mwalimu wa lugha, na kwamba miaka minane aliyokaa Tanganyika hajaulizwa swali kama hilo na fundi. Akaongea nusu saa, mengi sikuyaelewa. Mwisho akasema nilichunguze neno hilo, naye akirudi angependa kusikia nimefika wapi.

Nimelala kitandani nikipima mambo. Swali la maji limepata jibu la neno moja. Swali la neno limepata nusu saa na sigara. Kwa hiyo unyapara hautatoka kwenye sakafu.

Na unyapara ninauhitaji kweli. Tunu yuko Muheza, ananingoja mwaka wa pili sasa. Ninampenda, na sioni haya kuliandika hapa ambapo hapasomwi na mtu. Mjomba wake Sefu, aliyemlea, aliwahi kuniandikia kwamba hawezi kumpakia binti kwenye gari moshi kumleta mji wa baridi kwa ajili ya fundi wa kawaida. Mwezi uliopita nikamjibu kwamba mimi ni nyapara tayari. Niliona ni suala la muda tu. Sasa ameandika kwamba anakuja kuona kwa macho yake. Anashuka hapa tarehe 17, siku ile ile.

Jumanne, 4 Septemba

Tumemwaga. Maji ya kuchanganyia yaliletwa na lori kwenye mapipa. Nimepiga rula vizuri, nikamalizia kwa mwiko mpaka sakafu ikawa laini kama ubao wa kusomea. Yangu ni nzuri kuliko ya Elifuraha. Hata yeye alisimama mlangoni akaitazama, akasema imetulia.

Msimamizi wa lori akatangaza kwamba maji mengine hayaji. Ya kumwagilia kila mtu ajitafutie.

Elifuraha amefunika sakafu yake kwa magunia, akaloweka magunia kwa maji yaliyobaki kwenye pipa lake. Kisha akatandika mkeka kibandani, hapo hapo kiwanjani. Anahamia! Mimi nimerudi chumbani kwangu Kaloleni, mjini Arusha, na lori. Sakafu imelala, sasa mimi nikae naye nifanye nini?

Alhamisi, 6 Septemba

Leo sikwenda kazini. Nimesingizia tumbo.

Nilikwenda kwa Philemoni, karani, anayekaa nyumba ya tatu kutoka chumba changu. Yuko likizo. Ana kamusi ya Kiingereza nene kama tofali la inchi sita. Tumekubaliana: yeye anifundishe neno, mimi nimjengee mkewe jiko la kuni lenye dohani.

Neno hili lina safari ndefu. Limetoka kwa Warumi, katika Kilatini, ambako maana yake ilikuwa kujali, kuhangaikia kitu. Wafaransa wakalichukua. Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa, miaka mia sita na zaidi iliyopita. Kwanza lilikuwa la mapadri, waliopewa watu wa mtaa wawaangalie roho zao. Halafu likahamia kwa waganga, likawa la kutibu na kuponya. Baadaye wavuvi wakalitumia kwa samaki waliotiwa chumvi na moshi wasioze. Kisha watu wa ngozi, kisha watu wa tumbaku. Sisi waashi tumelipata juzi tu, wa mwisho kabisa kwenye foleni.

Nimeyaandika yote. Philemoni akafunga kamusi, akasema kwamba ukitazama vizuri, hawa wote, padri na mvuvi na mwashi, wanafanya jambo moja: wanakaa na kitu mpaka kikomae. Nikaona hayo yanafaa kuwa maneno ya kufungia hotuba yangu. Nimeyapigia mstari mara mbili.

Mwenye nyumba wangu, Bi Mwanamkuu, akanikuta barazani nikikariri. Akauliza tumbo linaendeleaje. Nikasema limepoa. Akauliza na sakafu je, nani yuko nayo? Nikamweleza kwamba sakafu haitambai. Akanitazama, akaendelea kuchambua mchele wake.

Jioni mafundi wa kwenye lori wakanisimulia kichekesho. Elifuraha aliamka alfajiri akaenda kusafisha mfereji na Wameru! Alitoa tope mpaka saa tatu, bila kuitwa na mtu. Nimecheka mpaka tumbo likauma kweli.

Jumamosi, 8 Septemba

Siku mbaya. Naiandika kwa utaratibu ili baadaye ionekane kosa halikuwa langu.

Nilifika kiwanjani asubuhi. Sakafu ya Elifuraha ilikuwa nyeusi, imelowa, haina mvuto. Yangu ilikuwa nyeupe pee. Nilifurahi. Halafu nikainama nikaona ufa. Mwembamba kama unywele, umetoka kwenye pembe unaelekea katikati, na una watoto wawili.

Nikapiga moyo konde. Kumbe maji kidogo yanahitajika. Hatua mia mbili kutoka ghalani unapita mfereji, maji yanatoka mlimani Meru, safi, yanakwenda zake tu. Kwetu maji yakipita unachota. Nikachukua jembe, nikabomoa ukingo, nikachimba kijitaro mpaka mlangoni kwangu.

Maji yakaja. Yakaja na majani, tope, na chura mmoja. Yakajaa chumbani mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nikasimama katikati nikiona nimemaliza kazi ya siku saba kwa dakika kumi.

Kisha akatokea mama mmoja mtu mzima, amekuja akiufuata mfereji mkavu kutoka chini, jembe begani. Anaitwa Mama Anande, ana shamba la maharage chini ya barabara. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba. Hakupandisha sauti. Akasema, “Mwanangu, leo zamu ni yangu. Maji yangu umeyapeleka wapi?”

Nikamwonyesha. Akachungulia mlangoni, akamwona chura, akaguna. Kisha akaziba ukingo kwa majani na udongo kwa mikono yake mwenyewe, akaondoka kwenda kumwita Mzee Akyoo, ambaye ndiye mkuu wa mfereji.

Elifuraha akanieleza, tena taratibu kama anamweleza mgeni. Mfereji ulichimbwa na babu za Wameru hawa. Maji hugawanywa kwa zamu, kila mtu na siku yake na saa yake. Anayeshiriki kusafisha mfereji ndiye anayepewa zamu. Yeye alisafisha Alhamisi, ndiyo maana anachota madebe yake alfajiri, adhuhuri na jioni na hakuna anayemuuliza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia Jumatano, nikamjibu kwamba nina kazi za kichwa.

Jumapili, 9 Septemba

Nimeitwa kwenye kikao cha mfereji, baada ya ibada. Wazee saba, na Mama Anande, wote bado na nguo za kanisani. Nami nimevaa kanzu na kofia yangu nyeupe. Niliona tukitazamana hivyo tutaelewana.

Mzee Akyoo akaniuliza nina la kusema. Nikasimama nikawaeleza habari za neno. Nilianza na Warumi. Nikapita kwa Wafaransa, mapadri, waganga, samaki, ngozi na tumbaku. Nikawaonyesha kwamba nilichofanya Jumamosi kina heshima ya miaka mingi. Walinisikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyenikatiza. Kisha Mzee Akyoo akauliza kama hao Warumi walikuwa na mifereji. Nikasema sijui. Akasema ni vizuri nikiwauliza walikuwa wanamfanya nini mtu anayebomoa ukingo.

Hukumu ilikuwa beberu mmoja. Maji yalinifika shingoni hapo, maana beberu sina. Elifuraha akainuka, akaomba wazee waniwekee kazi badala ya mnyama. Wakakubali. Nitasafisha mfereji siku sita, kuanzia kwenye banio, maji yanapoingilia mferejini, kule juu msituni, kila asubuhi mpaka saa nne.

Wenzangu wanamsifu Elifuraha kwa utu wake. Mimi namwona mbali. Mtu hamwombei mshindani wake ila ana jambo. Anataka niwe msituni ili chumba changu kibaki bila mlinzi.

Jumanne, 11 Septemba

Siku ya pili mferejini. Maji ya banio ni baridi yanatafuna mifupa. Ninatoa tope na mizizi, Mama Anande anasimama ukingoni kunionyesha nilipobakiza. Amenipa ndizi za kuchoma. Anauliza kwetu ni wapi, mama yangu yu hai, nina mke. Nikamwambia habari za Tunu zaidi kuliko nilivyokusudia. Akauliza lini nilimwona mara ya mwisho. Nikahesabu, ikawa mwaka na miezi minane. Akasema barua ni nzuri lakini haipigi jembe.

Nimefika ghalani saa nne na nusu. Nilichokishuku nimekikuta! Tope la mafuriko limefagiliwa, na sakafu yangu imefunikwa magunia, na magunia yamelowa chapachapa. Nani mwingine? Anailainisha ili Jumatatu ioze mbele ya Bwana.

Nimeyatoa magunia yote nikayaanika uani. Nimefungua madirisha upepo upite.

Ijumaa, 14 Septemba

Kila nikirudi kutoka mferejini nayakuta magunia yamerudi, yamelowa. Kila siku nayatoa. Mtu huyu ana subira ya ajabu katika ubaya wake. Leo nimemkabili. Akasema kwamba zamu yake ina maji yanayotosha vyumba viwili, na sakafu haina kosa lolote. Nikamwambia nimemwelewa. Nikaweka kufuli mlangoni.

Nyufa sasa ni saba. Unywele umekuwa uzi. Hata hivyo hotuba imekaa sawa, nimemsomea Bi Mwanamkuu, dakika kumi na nane. Akasema sauti yangu ni nzuri.

Jumamosi, 15 Septemba

Nimemaliza adhabu. Mzee Akyoo akaja mwenyewe kukagua, akatembea na fimbo yake kutoka banio hadi barabarani. Akasema nimesafisha vizuri. Akanipa zamu kwenye mfereji, kila siku kuanzia saa mbili mpaka saa nne asubuhi, mpaka ghala litakapokwisha. Akasema sasa mimi ni mtu wa mfereji, nisipite kwake bila kuingia. Nikamshukuru kwa mikono miwili. Nimejishangaa, maana ilikuwa kazi ya tope tu.

Jioni nimekoroga uji wa simiti, nikaupaka kwenye sakafu nzima kwa brashi. Nyufa hazionekani tena. Sakafu inang'aa. Laiti ningelijua hili tangu mwanzo, nisingehangaika.

Jumatatu, 17 Septemba

Bwana Mkaguzi amefika saa tatu. Nilikuwa nimevaa koti. Karatasi ilikuwa mfukoni lakini sikuihitaji.

Hakuuliza habari za neno. Akatoa msumari wa inchi nne mfukoni, akaingia chumba cha kulia, akakwaruza mstari kwenye sakafu ya Elifuraha. Ukabaki mchoro mweupe, basi. Akaingia kwangu. Msumari ukazama kama umetiwa kwenye ugali. Uji wangu wa simiti ukabanduka kipande kikubwa kama chapati. Chini yake nyufa zote, hazikupungua hata moja. Akapuliza. Vumbi likapanda mpaka kwenye miwani yake.

Ndipo nikaanza hotuba. Nilitoa yote, kutoka Roma hadi Tengeru, na nikafunga kwa maneno ya Philemoni: kukaa na kitu mpaka kikomae. Bwana akavua kofia kama siku ile. Akasema hajawahi kusikia neno hilo likielezwa vizuri hivyo, hata kwao. Akanishika mkono. Akaomba nakala. Kisha akamfanya Elifuraha nyapara, akaniamuru nivunje sakafu yangu niimwage upya.

Nilipogeuka nikamwona Mjomba Sefu mlangoni, na begi lake. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Gari moshi lilikuwa limewahi.

Nilimwamkia. Akaitika. Akaniuliza, mbele ya watu, nyapara wa hapa ni yupi. Elifuraha akasogea, akamwamkia shikamoo, akasema kwamba kazi ya unyapara imeanza kwake leo tu, na kwamba mimi ndiye mwenye mkono mzuri wa mwiko kuliko wote hapa. Yote mawili ni kweli. Niliona aibu, aibu kabisa, ya kuhisi masikioni.

Jioni, Kaloleni, Mjomba akanywa kahawa ya Bi Mwanamkuu vikombe vitatu ndipo akasema. Kwamba habari za nyapara zilikuwa zake yeye, kama mzee wa binti. Tunu hakuzitaka kamwe. Tunu alimkabidhi barua hii niisome mwenyewe.

Ni mistari michache. Anasema barua zangu anazo arobaini na moja na anazipenda, nina maneno mazuri. Anasema hajali mimi ni nyapara au mbeba kokoto. Anataka jambo moja, nije. Nikae siku saba pale kwao watu wanione na yeye anione. Nisipokuja na Mjomba safari hii, atajua, na kuna mtu wa Korogwe ambaye ameshauliza mara mbili.

Nimelia. Nimeisoma mara sita.

Jumanne, 18 Septemba

Nimevunja sakafu na kuimwaga upya kwa siku moja, kwa msaada wa Elifuraha, ambaye sasa ni bosi wangu na bado anabeba karai. Nimemwambia kuhusu Tunu. Akasema niende, siku saba si nyingi, yeye ataniombea ruhusa kwa Bwana, na sakafu ataiangalia. Mama Anande ameleta mkungu wa ndizi nimpelekee mchumba.

Gari moshi linaondoka Alhamisi. Nimeamua kwenda.

Alhamisi, 20 Septemba

Mjomba Sefu ameondoka na gari moshi la asubuhi.

Nilikuwa naye stesheni, nimefunga mzigo. Lakini jana usiku wazo lilinijia, na nikiri kwamba ni wazo kubwa. Tunu ameomba nikae naye siku saba. Je, msichana wa Muheza anaelewa uzito wa ombi hilo? Anajua kwamba wapo mapadri, waganga na wavuvi nyuma ya jambo hilo? Mtu akienda mikono mitupu akakaa tu, atakuwa amefanya nini? Nikamwamsha Philemoni. Tumeandika mpaka alfajiri. Barua imefika kurasa kumi na nne.

Mjomba akauliza kama sipandi. Nikamweleza kwamba barua itanitangulia, nami nitafuata nikipata jibu lake. Akaipima kwa mkono. Mkungu wa ndizi akauchukua.

Nikapita kiwanjani saa tatu kuomba nusu siku nipumzike. Elifuraha akanikumbusha kwamba ni zamu yangu ya maji, sakafu mpya ina siku mbili tu, na jua ni kali. Nimempa yeye aitumie, maana mimi nilikuwa nimechoka kwa kuandika.

Nimemsisitiza Mjomba kwamba Tunu asiisome haraka haraka. Asikimbilie mwisho. Ukurasa wa sita ausome mara mbili, ndio wenye Kilatini.